Hotuba ya Kiingereza, zimebaki wiki mbili

Dada yangu wa Kongwa, unasema utahutubia wageni hapo Dodoma mjini na sarufi ya Kiingereza inakutoa jasho. Usianze kumeza nyakati zote, hutamaliza. Shika makosa mawili yanayotuumbua: "he" na "she", maana kwetu wote ni "yeye", na ile "s" ya "she works" tunayoisahau. Mimi nilijirekodi kwa simu, nikajisikia nasema "my mother he" mara tatu. Aibu tupu! Lakini tabia hiyo ilinitoka.

Hotuba ya dakika 5 ni maneno kama 600 tu. Sentensi ziwe fupi, zisome kwa sauti hata ukiwa unasonga ugali wa uwele. Kariri ya kwanza na ya mwisho. Katikati vidokezo kwenye kikaratasi vinatosha.