Maji ya kijito Kilimanjaro: vidonge vinatosha?

SWALI: Tunapanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, siku 7. Maji ya vijito ni maangavu. Vidonge vya klorini vinatosha?

JIBU: Maji maangavu nayo huharisha. Yachujeni kwa kitambaa kwanza, maana tope hula klorini. Fuateni kipimo cha pakiti. Nusu saa hutosha, ila maji ya baridi kali yapeni saa nzima au zaidi. Kisha legezeni kifuniko, mpindue chupa, maji yenye dawa yaoshe mdomo pale kifuniko kinapokazwa. Wengi husahau hapo, na ndipo midomo yenu inapogusa. Klorini haiui kriptosporidiamu, kijidudu kinachoharisha, kwa hiyo jioni chemsheni. Kambi ya Barafu, mita 4,600 na ushei, maji huchemka kwenye nyuzijoto 85 hivi. Yaacheni yatokote dakika 3.