Meza ya Fundi: Simu Nzuri, Mkono Umeikataa

Mwanangu Fundi, sikuamkii kwa sababu najua nimekuzidi umri; wewe ndiye wa kuniamkia. Mimi ni mshonaji wa nguo za kike, mwaka wa 26 sasa. Wiki iliyopita wanangu watatu walichanga wakaninunulia simu mpya, kubwa, yenye kamera tatu mgongoni. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Leo ni siku ya tisa na furaha imeanza kupungua.

Kwanza ni nzito. Nimeipima kwenye mizani ya jikoni: gramu 231, na kava lake gramu 38. Ile ya zamani ni gramu 148. Nikizungumza na mteja robo saa, kifundo cha mkono wa kulia kinauma. Kidole gumba hakifiki juu ya kioo mpaka nitumie mikono miwili, na mmoja siku zote umeshika kitambaa. Pili, inapata moto, na chaji haifiki jioni. Tatu, na hili ndilo lililoniudhi, nilipiga picha satini ya rangi ya damu ya mzee, ikatoka nyekundu ya kuwaka. Nimeogopa kumtumia mteja.

Risiti inasema siku 14 za kurudisha. Mwanangu wa kwanza anasema, "Mama, utaizoea." Binti wa mdogo wangu nilishamwahidi ile ya zamani, naye ananiulizia kila siku. Nikiirudisha wanangu watajisikiaje? Nisipoirudisha, mkono wangu je? Uniwie radhi kwa makosa ya kuandika, natumia ile ya zamani na kioo chake kina ufa.

*Mama Satini*

Shikamoo mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili jicho langu limekwama kwenye mstari wa mwisho. Nitaurudia.

Nianze na satini, kwa sababu hiyo ni riziki yako. Kabla ya kuilaumu kamera, chukua ile picha uliyoipiga kwa simu mpya, jitumie kwenye simu ya zamani. Sogea dirishani mchana, tandaza kitambaa chenyewe mezani, weka simu zote mbili juu yake, picha ileile imefunguliwa kote. Kama kwenye simu ya zamani rangi inafanana na kitambaa, basi kamera haina kosa, kioo kipya ndicho kinachotia chumvi. Vioo vingi vya OLED, yaani vile ambavyo kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe, hutoka kiwandani vikiwa vimewekwa rangi kali, kwa sababu simu ikipangwa rafuni na wenzake, inayong'aa ndiyo inayochukuliwa. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya skrini, tafuta hali ya rangi, uchague ile ya asili. Kila kampuni ina jina lake, lakini kwa kawaida chaguo ni mawili au matatu, na macho yako yataijua. Ukiwa hapohapo, angalia kama ile kinga ya macho ya usiku imewashwa, maana nayo hupaka kila kitu umanjano.

Kama rangi imepotoka kwenye simu zote mbili, hapo ni kamera. Nyekundu iliyokolea husumbua kamera nyingi za simu, hasa chini ya taa. Zima urembeshaji wa picha unaojiwasha wenyewe, piga kwa mwanga wa dirisha, na laza karatasi nyeupe pembeni ya kitambaa ndani ya picha, angalau mteja awe na cha kulinganishia. Wewe mshonaji hunihitaji nikueleze kwamba rangi hubadilika na taa. Nimesema tu kwa kuwa wateja wengi wa kwangu huisahau simu inapokuwa mpya.

Moto na chaji. Simu mpya siku za mwanzo haipumziki hata ikiwa kimya mezani. Inapakua programu zako zote, inavuta picha za zamani na kuzipanga, inatafuta nyuso ndani yake, inasasisha mfumo. Yote hayo yanakula chaji na kuleta joto, na mara nyingi hutulia baada ya siku chache. Ila wewe uko siku ya tisa, kwa hiyo sitakwambia usubiri tu. Leo usiku chaji mpaka ifike 100, chomoa, iweke kando, usiiguse mpaka asubuhi. Kwa hesabu ya mezani kwangu, ikiamka imepungua 3, 4, hata 6, ni nzima. Ikipungua 15 au 20 wakati wewe umelala, kuna kitu kinachokesha. Fungua orodha ya matumizi ya betri uone ni programu gani inayokula. Ukiikuta, ifute, urudie jaribio usiku wa pili. Usipomkuta mlaji yeyote na mgongo wa simu bado una joto asubuhi, simu hiyo ina hitilafu.

Na hapo usichanganye mambo ukifika dukani. "Ina hitilafu" na "sijaipenda" ni milango miwili tofauti. Zile siku 14 mara nyingi ni za mlango wa pili, wa mtu aliyebadili mawazo. Ubovu una masharti yake, na dhamana yake kwa kawaida ni ndefu zaidi. Nimeona watu wakifika kaunta na simu mbovu kabisa, wakaanza kwa kusema, "Kusema kweli sijaipenda sana," wakahudumiwa kama watu wasiojua wanachotaka. Ukiwa na hitilafu, itaje kwanza, halafu nyamaza.

Sasa mkono. Hapa, mama, sina bisibisi inayofaa. Kuna mpangilio wa kutumia mkono mmoja unaoshusha juu ya kioo mpaka gumba lifike, na utakusaidia kwa vitufe. Unaweza kuzungumza kwa spika au kwa visikizi. Unaweza kuvua kava, ingawa mtu anayefanya kazi amesimama, simu ikiwa pembeni ya mkasi na pasi, akivua kava atakuja kuniona mapema. Hata ukivua, zinabaki gramu 231 dhidi ya 148. Ni zaidi ya mara moja na nusu, kwa mkono uleule ambao tangu asubuhi umekuwa ukikata kwa mkasi.

Mwanao si mwongo, vipo vya kuzoea. Kibodi mpya utaizoea, mahali pa alama ya kidole utapazoea, hata ukubwa wa herufi. Uzito mkono wenye maumivu hauuzoei. Niliwahi kununua simu ya kimo hicho, nikawa naiegemeza juu ya kidole cha mwisho, kama wafanyavyo wengi. Mwezi wa tatu kidole kilikuwa na kibonyeo, na nikishika bisibisi ndogo kinanichoma. Nilishindwa kusema kwa sababu nilikuwa nimeringa nayo mbele ya kila mteja. Nikaja kuiuza kwa hasara. Muda wa kuirudisha nilikuwa nao, nikautumia kuringa.

Kwa hiyo jibu langu ni: ibadilishe. Sikusema irudishe ubaki na yenye ufa, hapana. Ibadilishe na ndogo yake. Kampuni nyingi hutoa simu ya aina moja kwa vimo viwili, mfumo uleule, na kamera zinazokaribiana. Utakachopoteza ni kioo kipana na sehemu ya betri, maana simu ndogo haina nafasi ya betri kubwa, na huo ni ukweli ambao muuzaji anaweza asikwambie. Kabla hujakubali, omba kuishika dukani dakika tano kwa mkono wa kulia peke yake, na gumba lipande hadi kona ya juu. Ukienda na kitambaa mkono wa kushoto watakushangaa. Nenda nacho.

Watu hupenda kushauri, "Ifungie ya zamani kwenye droo siku tatu uone kama utaikumbuka." Wewe jaribio hilo huna haja nalo. Barua yote hii umeiandika kwenye kioo chenye ufa, na simu mpya ya gramu 231 ikiwa hapo hapo nyumbani.

Kuhusu wanao, mwite yule wa kwanza. Utamhitaji kwa vyovyote, kwa sababu kama yeye ndiye aliyelipa, pesa au mabadilishano yatapitia kwake, na huenda wakamtaka aliyenunua. Usimwambie simu ni mbaya. Mpe aishike sikioni kwa mkono mmoja, wa pili mpe kitambaa akinyooshe, na umzungumzishe habari za nyumbani robo saa. Usitaje simu kabisa. Atakapohamishia mkono wa pili, utakuwa umemaliza kueleza. Na binti wa mdogo wako mwambie ile ya zamani itamfikia siku ndogo itakapokuwa mkononi mwako na inafanya kazi, si kabla.

Usingoje siku ya 14. Lenga ya 12, maana siku ya mwisho ndiyo utakayogundua pini ya kutolea laini haipo kwenye boksi.

Kabla ya kwenda, fuata mpangilio huu hasa. Hifadhi mazungumzo na picha za wateja kwanza, na uhakikishe zimefika. Halafu ondoa akaunti yako kwenye mipangilio. Ndipo uifute simu, na uifute ukiwa ndani ya mipangilio hiyohiyo, si kwa kubana vitufe vya pembeni. Kuna kaka mmoja alinijia jasho linamtoka. Alikuwa amefuta simu yake kwa vitufe ili airudishe, ikawaka upya ikidai akaunti ya mwenyewe. Akaunti alikuwa ameifungua siku aliyonunua, palepale kaunta, kwa nywila aliyoitunga huku muuzaji akimharakisha. Hakuikumbuka. Duka likakataa kuipokea, na kwa hili siwezi kuwalaumu: kufuli hiyo imewekwa dhidi ya wezi, na simu haiwezi kumtofautisha mwizi na mtu msahaulifu. Alikaa kwenye benchi langu akijaribu majina ya watoto wake mmoja baada ya mwingine. La nne likafungua.

Kadi ya laini usiisahau ndani. Na simu ndogo wakikupa, bonyeza \*#06# mbele yao. Itatokea namba ya utambulisho wa simu, IMEI, yenye tarakimu 15. Ilinganishe na ya kwenye boksi na ya kwenye risiti kama ipo. Zisipofanana, usiondoke.

Fundi, za kazi. Simu yangu ina siku nne. Ikiwa mezani vijiti vya netiweki vimejaa, nikiishika vinashuka viwili. Rafiki yangu anasema nirudishe haraka, imeharibika antena. Muuzaji anasema simu zote ziko hivyo. Nani mkweli?

*Kijana wa Vijiti*

Mdogo wangu, salama. Muuzaji anasema kweli nusu. Mkono wa mtu umejaa maji, ukifunika antena mawimbi lazima yapungue. Mwaka 2010 iPhone 4 ilizua kelele dunia nzima kwa jambo hilihili: ukiishika kwa kufunika kona ya chini kushoto, vijiti vinaanguka. Apple nao walisema simu nyingine zina tabia hiyo, lakini waliishia kuwapa wateja kava za bure, na asiyeridhika akaruhusiwa kurudisha ndani ya siku 30 na kupewa pesa yake yote.

Achana na kuhesabu vijiti. Kila kampuni huvichora kwa hesabu yake, viwili vya simu moja vinaweza kuwa sawa na vinne vya nyingine. Simama mahali pamoja, tia laini ileile kwenye simu yako na ya rafiki yako kwa zamu, na piga simu tatu tatu. Ya rafiki ikishika na yako ikakatika, rudisha. Zote zikishika, kaa nayo. Kitu kimoja ningekuomba ukitazame: kama simu yako ilitengenezwa kwa ajili ya soko la nchi nyingine, huenda haina baadhi ya masafa ya mawimbi yanayotumiwa na kampuni ya laini yako. Linganisha orodha ya masafa ya modeli yako na ya kampuni hiyo. Likikosekana moja kubwa, hakuna fundi wa kuliongeza, hata mimi.

Fundi, kioo kina nukta moja nyeupe, ndogo kama ncha ya sindano, kona ya kulia. Simu ina siku mbili. Niivumilie?

*Macho Makali*

Ndugu yangu, kwanza ifute kwa kitambaa laini, nisije nikakutuma dukani na vumbi. Halafu fungua picha nyeusi tupu ijaze kioo chote, kisha nyekundu, kijani na buluu. Nukta ikibaki nyeupe kwenye rangi zote, ni pikseli, yaani kinukta kimojawapo cha kioo, iliyokwama. Simu haitakufa kwa hilo. Lakini nakuona wewe ni mtu wa kuiangalia hiyo kona kila ukiwasha, na una siku mbili tu. Nenda kesho asubuhi.