Stand Watie na John Ross: nani alikuwa chifu mkuu wa Wacherokee?

SWALI: Nimesoma kwamba Stand Watie alikuwa jenerali wa majimbo ya Kusini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, na pia chifu mkuu wa Wacherokee, taifa la Wahindi Wekundu wa Marekani. Kwingine naona chifu wa miaka hiyohiyo ni John Ross. Nimwamini nani? Na mbona Watie alijisalimisha Juni 1865, wakati Jenerali Lee, kamanda mashuhuri wa Kusini, alikuwa amejisalimisha tangu Aprili?

JIBU: Ndugu msomaji, waamini wote wawili. Kwa miaka minne taifa hilo lilikuwa na machifu wawili, na mzizi wa fitina ni wa zamani kuliko vita yenyewe.

Desemba 1835, kikundi kidogo kilitia saini Mkataba wa New Echota, kikaiuzia Marekani ardhi yote ya Wacherokee mashariki ya mto Mississippi kwa dola milioni 5. Watie alikuwamo, pamoja na kaka yake Elias Boudinot, na Major Ridge na mwanawe John. Ross, aliyekuwa chifu halali, aliupinga bila mafanikio. Mwaka 1838 watu wakaswagwa kwa mtutu wa bunduki kuelekea magharibi, na maelfu wakafia njiani. Juni 22, 1839, Boudinot na Ridge wote wawili waliuawa kwa kosa la kuuza nchi. Watie alinusurika, na tangu hapo hakupatana kweli na upande wa Ross.

Vita ilipozuka 1861, Ross mwenyewe alitia saini mkataba na Kusini. Jambo hili husahaulika mno. Kiangazi cha 1862 majeshi ya Kaskazini yaliingia nchi ya Wacherokee, Ross akaondoka nayo, na wafuasi wa Watie wakamchagua Watie kuwa chifu. Februari 1863 upande wa Ross ukaufuta mkataba ule na kupiga marufuku utumwa. Watie, aliyekuwa akimiliki watumwa, aliendelea kupigana, na mimi siwezi kumsifu ushujaa wake nikaliacha hilo nje.

Kuhusu tarehe: Lee alisalimisha jeshi lake la Virginia tu. Majeshi ya magharibi ya Mississippi yalikuwa na kamanda wake, yakasalimu amri mwishoni mwa Mei. Mataifa ya Wahindi Wekundu yaliyoungana na Kusini yalikuwa na mikataba yao wenyewe, hivyo viongozi wao walikutana kwanza katikati ya Juni wakakubaliana kuacha vita. Watie alijisalimisha Juni 23 huko Doaksville, katika nchi ya Wachoctaw, taifa jingine la Wahindi Wekundu, akiwa jenerali wa mwisho wa Kusini kufanya hivyo.

Ukiandaa orodha ya machifu, mwandike Ross kuanzia 1828 hadi kifo chake Agosti 1866, na Watie kuanzia 1862 kwa Wacherokee wa upande wa Kusini pekee.