AFP bado iko juu baada ya upasuaji: je, saratani imebaki?

SWALI: Nimeondolewa korodani moja yenye saratani. Kabla ya upasuaji, vipimo vya damu vya protini zinazotolewa na uvimbe vilionyesha AFP 640 na hCG 90. Leo, wiki mbili baadaye, hCG imerudi kawaida lakini AFP ni 150. Ripoti ya patholojia inasema uvimbe ni seminoma, aina moja ya saratani ya korodani. Je, bado nina saratani mwilini?

JIBU: Namba moja haitoshi; tazama kasi ya kushuka. Uvimbe ukishatolewa, protini hizi hubaki kwenye damu kwa muda. hCG hupungua nusu kila siku 1 na nusu hadi 3, AFP kila siku 5 hadi 7. Hata kwa siku 7, yaani mwendo wa polepole, 640 inashuka hadi 320 wiki ya kwanza na 160 wiki ya pili. Hiyo 150 yako imo ndani ya hesabu. Pima kila wiki, maabara ileile, kwa kuwa mashine mbili zinaweza kutoa majibu tofauti kwa damu moja. Kufika 10, yaani karibu na kiwango cha kawaida, huchukua kama wiki 6 tangu upasuaji.

Ikigoma kushuka au ikipanda, picha ya CT itafute masalia kwenye tezi za limfu za nyuma ya tumbo na kwenye mapafu. Ini nalo lichunguzwe, maana homa ya ini pia hupandisha AFP.

Kinachotushtua sisi ni hilo neno seminoma. Seminoma tupu inaweza kutoa hCG kidogo, lakini AFP haitoi kabisa. AFP iliyokuwa 640 ikaanza kushuka baada ya korodani kutolewa ilitoka humo, kwenye seli za aina nyingine. Mwombe daktari sampuli ikatwe vipande zaidi na isomwe upya kabla matibabu hayajapangwa. Hata seli hizo zisipoonekana, utatibiwa kama mgonjwa wa uvimbe usio seminoma. Tofauti si ndogo: mionzi huiweza seminoma vizuri, lakini aina hizo nyingine huzimudu kwa shida, na zikisambaa tegemeo ni dawa za kemotherapi.

LDH, kipimo kingine cha damu cha saratani hii, hukuitaja, nasi hatuipi uzito mkubwa: hupanda kwa mengi, hata chembe nyekundu zikipasuka tu wakati wa kuvuta damu.