Kwa aliyerudi na picha mia nne zinazofanana

Ndugu uliyeuliza kwa nini picha zako mia nne za Nakuru na Kisumu zinafanana zote, na kama kamera ya bei ghali itazinusuru, ningekusihi uahirishe ununuzi huo kwa sasa. Mimi ninaishi Kisumu, nimezunguka pande hizi nikipiga picha kwa miaka tisa, na mitatu ya mwanzo niliipoteza nikidhani kasoro iko kwenye lenzi.

Safari yangu ya kwanza katika hifadhi ya Ziwa Nakuru nilifuata heroe, wale ndege wa waridi ambao wengi wetu huwaita flamingo. Nilipanda hadi Baboon Cliff saa sita na nusu mchana, nikaivuta picha kwa vidole viwili kwenye kioo cha simu mpaka ikagoma, nikabonyeza mara sitini. Nyumbani nilikuta uzi mwembamba wa waridi juu ya maji yaliyopauka, umefunikwa na utusitusi wa joto. Simu ikishapita uwezo wa lenzi yake hukata tu kipande cha katikati na kukitanua, kwa hiyo nilichokuza kilikuwa chembechembe, wala si ndege. Lililoniuma zaidi nililitambua baadaye. Karibu na barabara ilisimama migunga iliyokufa baada ya maji ya ziwa kupanda, mashina yake yakiwa makavu na meupe ndani ya maji, mnandi wamejipanga matawini, nami niliipita kwa sababu haikuwamo katika orodha ya vitu nilivyokuja kuviona. Ilinigharimu kiingilio cha pili kuirudia.

Suala la pili ni saa. Tuko karibu kabisa na ikweta, ambako jua hupanda wima, kwa hiyo ule mwanga laini wa asubuhi, ambao katika nchi za kaskazini hukawia, kwetu huondoka upesi sana. Hapa Kisumu jua huchomoza baada ya saa kumi na mbili na robo, au hata karibu na saa moja, kutegemea mwezi. Ukiamka saa moja na nusu na kunywa chai kwanza, umechelewa. Kati ya saa nne na saa tisa kivuli cha paji la uso huangukia machoni, na kila mtu unayempiga picha huonekana ana mashimo meusi usoni. Saa hizo mimi humwomba mtu asogee ukingoni mwa kivuli cha kibanda au mwembe, uso ukiuelekea uwazi, au huiweka kamera mfukoni nikale samaki. Msitu wa Kakamega una kanuni yake: jua kali huutia mabaka meupe na meusi ambayo simu haiwezi kuyasawazisha, kwa hiyo subiri mawingu, au gusa sehemu yenye mwanga mkali kwenye kioo kisha upunguze mwangaza kwa kidole.

Lakini kama ningeruhusiwa kukupa zoezi moja tu, ningekutuma ufuoni Dunga, kando ya Ziwa Victoria hapa Kisumu, ukae na kitu kimoja kwa muda wa saa mbili, bila kuhamahama. Nilifanya hivyo asubuhi moja na mzee aliyekuwa akishona nyavu. Nilimsalimu, “Oyawore,” nikamwomba ruhusa, na kwa nusu saa ya kwanza sikupiga hata picha moja, maana mtu akishaona kamera hukaza shingo kama yuko ofisini akipigiwa picha ya kitambulisho. Picha zangu za mwanzo zilikuwa na kila kitu: mzee, mitumbwi, ndege, mafunjo, vilima vya ng’ambo. Nilisogea, kisha nikasogea tena na kuchuchumaa, ndipo nilipoona kwamba alikuwa ameutega wavu kwenye dole gumba la mguu ili ukazike, na kila sindano ilipopita, dole lile lilijikunja kidogo kumsaidia. Niliyaacha ziwa na mitumbwi nje ya picha. Jua lilikuwa bado chini, likaingia kwa ubavuni, na kila fundo la nailoni likapata kivuli chake. Nilipiga labda ishirini, na moja ilikuwa na dole limejikunja, sindano hewani, na mikono yote miwili.

Niliichapisha mjini na kumpelekea wiki iliyofuata, jambo ninalokuhimiza ulifanye kila unapoweza, kwa kuwa wavuvi wa pale wamechoka kupigwa picha na watu wasiorudi. Mzee aliitazama, akaigeuza nyuma, akaitazama tena, kisha akaniuliza uso wake nimeupeleka wapi. Ilinibidi nisubiri aende nyumbani kuvaa koti, nikampiga nyingine amesimama wima mbele ya mtumbwi, saa tano mchana, jua utosini.