Kocha anamwingiza mwanangu mwishoni tu. Ameshushwa?

SWALI: Shikamoo mzee. Tunaishi Columbus, Ohio. Mwanangu ana miaka 14 na ni mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, katika timu ya besiboli. Msimu uliopita alikuwa akianza mechi, lakini sasa kocha humkalisha mpaka mchezo unakaribia kwisha ndipo amwite. Kijana amenuna, nami naona kama amewekwa benchi. Nimwambie nini? – Mama wa watatu

JIBU: Marahaba binti yangu. Niliishi Bronx, New York, miaka 11, mwendo wa miguu tu kutoka uwanja wa timu ya besiboli ya Yankees. Mchezaji niliyekuwa nikimfuata pale alikuwa Mariano Rivera, na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kijana wako.

Nilimpenda kwa sababu mimi ni mtoto wa mvuvi wa Pemba, naye alikulia Puerto Caimito, kijiji cha wavuvi huko Panama, baba yake nahodha wa mashua. Glavu zake na wenzake za kudakia mpira utotoni zilikuwa maboksi ya maziwa. Yankees walimsajili 1990. Alipofika ligi kuu mwaka 1995 walimjaribu kama mrushaji wa kuanza, wapigaji wakaipiga mipira yake vibaya. Mwaka 1996 wakamweka kwa ajili ya awamu za mwishoni, na 1997 wakamkabidhi ile ya tisa, ya kufunga mchezo. Mwaka huo huo, akirushiana mpira na mwenzake Ramiro Mendoza, mpira ukaanza kukata kona wenyewe karibu na glavu. Mrusho huo ndio aliotumia mpaka anastaafu 2013. Wapigaji walijua unakuja, na bado ulikuwa ukiwavunjia magongo mikononi.

Aliokoa mechi 652, yaani aliingia timu yake ikiongoza kwa pointi chache akamaliza bila kuupoteza ushindi. Hakuna aliyezifikia. Mwaka 2019 wapiga kura wote 425 walimchagua aingie kwenye jumba la heshima la besiboli. Kabla yake hakuna aliyewahi kupata kura zote.

Lakini mweleze kijana na habari ya 2001. Mechi ya saba, ya mwisho ya fainali, dhidi ya timu ya Arizona, Yankees wanaongoza 2–1, awamu ya tisa, Rivera mkononi na mpira. Arizona wakasawazisha, kisha mpigaji wao Luis Gonzalez akapiga kampira kadhaifu kakaangukia nyuma ya walinzi, fainali ikaenda. Nililala na majonzi usiku ule kama niliyefiwa. Yeye alirudi msimu uliofuata akaomba mpira, akafanya kazi hiyo miaka 12 zaidi. Anayeanza mechi akikosea ana muda wa kurekebisha, anayefunga hana. Kocha hampi mtoto asiyemwamini nafasi hiyo.

Wasiwasi wangu mimi ni mkono wake. Rivera mwenyewe alipasuliwa kiwiko 1992. Anayeanza hupumzishwa siku kadhaa, ila huyu wa mwishoni huitwa leo, kesho na keshokutwa, kila mtu akidhani karusha kidogo. Mwongozo wa ligi kuu kwa umri wa miaka 13 na 14 unasema wasizidi mipira 95 kwa siku, na akirusha zaidi ya 20 apumzike walau siku moja. Akizidi 65, siku nne. Nenda mazoezini wiki hii ukamuulize kocha ni nani anayeihesabu mipira ya mwanao, na anaiandika wapi.