Kabla ya Kulaumu Betri, Shika Waya

Juzi kijana mmoja wa Mbale aliniandikia: inveta yake, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa soketi, inalia kila akiwasha pasi, na fundi amemwambia aongeze betri. Niliusoma ujumbe ule mara mbili. Fundi wa namna hiyo niliwahi kuwa mimi, kule Arua.

Mama mwenye saluni alinipa kazi ya sola kwa sababu umeme ulikuwa ukikatika jioni, wateja wakiondoka na nywele mbichi. Betri ya volti 12 niliiweka stoo ya nyuma, inveta nikaipandisha mbele ili ionekane, nikaziunganisha kwa waya wa taa, ule wa milimita za mraba 1.5. Draya ya wati 600 ilipowashwa, inveta ikapiga kelele na kuzima. Nikatamka kama mjuzi, "Mama, betri ni ndogo." Akakopa kwenye kikundi chao cha akiba, akanunua ya pili. Ikalia vilevile.

Mzee mmoja fundi aliitwa. Hakugusa betri. Alishika waya kwa kiganja, akauachia upesi. Plastiki ilikuwa imelainika, na karibu na skrubu wekundu wake umegeuka kahawia. Akaniuliza mbele ya wateja: "Wati 600 kwa volti 12 ni ampea ngapi?" Nilinyamaza. Baadaye nilisikia sokoni naitwa mwizi. Sikumwibia, lakini pesa za mkopo wake zililipia ujinga wangu, na mpaka leo linaniuma.

Ni ampea 50. Kwenye soketi ya volti 240 draya ileile huvuta 2.5 tu, ndiyo maana huko waya wa taa hauteseki. Georg Ohm, Mjerumani, alichapisha kanuni yake mwaka 1827: volteji ni mkondo (ampea) mara ukinzani, yaani kiasi ambacho waya unauzuia umeme, kinachopimwa kwa omu. Waya wangu, mita 3 kwenda na 3 kurudi, ulikuwa na ukinzani wa karibu omu 0.07. Zidisha kwa 50: volti 3.5 zinapotelea njiani, inveta inapokea 8.5 na kudhani betri imekwisha. Joto nalo ni mkondo mara mkondo mara ukinzani: wati 175 zinauchoma waya.

Ndugu zangu mafundi, mteja hana namna ya kujua tunapokosea, anatuamini tu. Basi tuheshimu imani hiyo kwa kupiga hesabu kabla ya kumtuma dukani. Weka betri na inveta jirani. Mimi sasa natumia waya wa milimita za mraba 25, usiozidi mita 1, na sijaitwa tena kurudia kazi hiyo.

Kijana nilimwambia awashe pasi, apime volti kwenye betri, kisha kwenye vichwa vya inveta, pale waya wa betri unapofungwa, kabla haijazima. Jana usiku akajibu: 12.1 na 9.2. Waya wake una urefu wa mita 4.